Mafungu Matatu Bila Kuchungulia

Mwanahamisi alinipigia simu kabla sijamaliza kufagia uwanja. Hakusema mengi. Alisema mama yake ametangulia, nami nikabaki nimeshika fagio mkono mmoja na simu mkono mwingine, nikimsikiliza akilia pole pole upande wa pili. Mama yake alikuwa Sista Batuli, muuguzi. Hakuwa ndugu yangu wa damu, na hata dini yetu haikuwa moja, lakini ndiye aliyenifundisha kuosha mikono, na kwa mtu aliyefanya kazi ya uuguzi mpaka akastaafu kama mimi, hakuna somo kubwa kuliko hilo. Nilipanda basi la kwanza kutoka Mbinga. Saa nne kasoro nilikuwa Songea, Mjimwema, mbele ya nyumba ambayo imebadilishwa rangi sijui mara ngapi tangu niishi humo, na bado mguu wangu ulikumbuka wenyewe kwamba kizingiti cha mlango wa uani kiko juu kuliko unavyodhani.

Nilikwenda moja kwa moja uani, nikavua saa, nikakunja mikono ya gauni hadi juu ya viwiko. Wanawake walikuwa wametundika kanga kuzunguka pembe moja ya ua, na ndani yake nilijua yupo. Mwanahamisi akanifuata, akanishika bega, akanieleza kwa upole mwingi kwamba kumwosha marehemu ni kazi ya Waislamu wenzake, na akaniomba mimi, mama yake mdogo, nisione vibaya. Sikuona vibaya. Jambo hilo nilikuwa nalijua siku zote, ila kujua hakukunisaidia kitu. Nimeosha watu wengi sana katika maisha yangu, wengine nisiowajua hata majina, na huyu mmoja niliyetaka kumwosha nilizuiwa na kanga mbili za maua. Nikauliza kama kuna kazi nyingine. Akatazama huku na huku, akasema maji bado hayajapata moto. Nikamwambia maji waniachie mimi, nikavuta kigoda karibu na mafiga, nikaanza kuchochea kuni. Kuchemsha maji ndiyo ilikuwa kazi yangu ya kwanza kwa Sista Batuli.

Habari za kwetu nitaziruka. Kila mtu ana kwao, na kwetu, upande wa Namtumbo, hakukuwa na maajabu: tulilima mahindi na tumbaku, tukanuka moshi. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimemaliza shule, ninangoja barua ya chuo cha uuguzi, na barua haikuwa na haraka. Mtu akanipeleka kwenye zahanati moja ya mjini ambako Sista Batuli alikuwa anatafuta msichana wa kumchemshia maji na kufua bendeji. Alinitazama kuanzia kichwani, akafika kwenye mikono, akasimama hapo. Kucha zangu zilikuwa nyeusi kwa utomvu wa tumbaku. Hakuniuliza nimefaulu masomo gani. Alinipa sabuni na beseni, akanionyesha namna ya kusugua kati ya vidole na chini ya kucha, akaniambia nirudie, kisha nirudie tena, na mpaka tunakwenda kula mchana nilikuwa bado nasugua. Jioni ile alinichukua kwake, kwa kuwa sikuwa na pa kulala, nikakaa mwaka mzima.

Chumba cha vidonda kilikuwa kidogo. Kilikuwa na dirisha moja lenye wavu, benchi refu, kiti cha mgonjwa, jiko la mafuta ya taa na birika mbili ambazo sikuruhusiwa kuzichanganya: moja ya maji ya kidonda, nyingine ya chai. Ukuta wa upande mmoja ulikuwa wa mbao nyembamba, na nyuma yake palikuwa na stoo nilipokaa kukunja bendeji zilizochemshwa na kukaushwa juani. Siku hizo bendeji haikutupwa; ilifuliwa, ikachemshwa, ikaanikwa, ikakunjwa, ikarudi kazini. Kila nikinusa spiriti hadi leo chumba kile kinarudi chote, na benchi lake na mwanga wake wa wavu, na mimi nikiwa na miguu isiyouma. Sijui kwa nini watu husema ujana ulikuwa na raha. Mimi nilikuwa na hofu tangu asubuhi hadi jioni, na bado ningeutoa mfupa wangu mmoja nirudishwe pale kwa siku moja tu.

Sista Batuli alikuwa mtu wa Lindi, serikali ndiyo iliyomleta kwetu, na hakuwahi kutusamehe kwa kukosa minazi. Alipika majani ya maboga kwa karanga kama sisi, akala, akasifu, kisha akasema kwamba kwao, kwa tui la nazi, hii ingekuwa mboga. Mara moja dereva wa basi alimletea nazi mbili kutoka kwao. Alizikuna uani mwenyewe, hakutaka nisaidie, na tulipokula wali ule akageuza uso kuelekea ukutani. Nilikuwa mtoto, nilidhani wali umemchoma. Siku hizi, nikiwa peke yangu Mbinga, nikala kitu chochote chenye karanga za kutwanga, namwelewa vizuri sana.

Mafundisho yake hayakuwa na daftari. Kila alipofungua kidonda alisema Bismillahi, nami bila kujua nikaanza kusema, Mkristo mzima, na padri wetu aliponisikia siku moja nikimfunga kidonda mtoto wa katekista alicheka mpaka akashika ukuta. Sista alinifundisha kwamba bendeji iliyoganda haivutwi, inalowekwa mpaka iachie yenyewe. Aliyeungua anamiminiwa maji baridi, mengi, kwa muda mrefu, na mwenye kumpaka samli au dawa ya meno atolewe nje kwanza. Kidonda kinaoshwa kwa maji yaliyochemka yakapoa, kuanzia katikati kwenda nje, wala usirudi na pamba ileile. Kuhusu dawa za mitaani alikuwa na sheria moja: kitu ambacho huwezi kumlambisha mtoto mchanga usikitie kwenye kidonda. Na bendeji alitaka ifungwe kwa fundo bapa, kulia juu ya kushoto kisha kushoto juu ya kulia, likae pembeni ya kidonda lisimuumize mtu. Alinifungisha fundo lile kwenye mguu wa benchi mpaka nikaweza kulifunga nimefumba macho.

Somo nililoona rahisi kuliko yote lilikuwa la damu. Kidonda kinachotoka damu nyingi weka kitambaa safi, kandamiza kwa nguvu, mguu au mkono uinue juu, basi. Ila usichungulie. Watu wote, alisema, wanakandamiza kidogo, wanainua kitambaa waone kama imekata, na kwa kuchungulia huko wanaifungulia upya. Yeye alipima muda kwa tasbihi yake. Mimi akaniuliza sisi tunahesabu nini, nikamwambia rozari, kila fungu Salamu Maria kumi. Akafikiri kidogo. "Basi mafungu matatu," akasema, "bila kuchungulia. Damu ikipita kwenye kitambaa ongeza kingine juu, lakini mkono wako usiinuke." Nikaona ni jambo dogo. Nikajiona nimeshakuwa muuguzi.

Msimu wa kukausha tumbaku ulipofika aliniruhusu niende nyumbani Jumamosi na Jumapili nikasaidie. Tumbaku yetu ni ya moshi. Inaning'inizwa kwenye bani, banda la kukaushia, na chini yake kuni zinawaka siku nyingi, kwa hiyo kila nyumba kuna mtu wa kupasua kuni. Kwa jirani zetu mtu huyo alikuwa Fadhili, kijana wa miaka ishirini na mitatu hivi, baba yake ameshafariki, mama yake na bani lao vinamtegemea yeye. Jumapili asubuhi shoka lilimteleza likampata juu ya mguu, kati ya mifupa inayokwenda kwenye vidole. Nilisikia kelele, nikakimbia, nikafurahi, Mungu anisamehe. Nilifurahi kwa sababu nilijua la kufanya. Nikamlaza chini, nikaupandisha mguu wake juu ya gogo, nikachana kipande cha kanga yangu iliyofuliwa, nikakandamiza kwa viganja vyote viwili, nikaanza Salamu Maria.

Damu ilikuwa nyingi. Fungu la kwanza likaisha, kitambaa kimelowa, nikaongeza kingine. Fadhili alikuwa ananitazama; alikuwa na macho makubwa, mekundu kwa moshi wa bani. Wanawake walishanizunguka, na mbele yao shangazi yangu Rozina, ambaye ameniogesha na kunivalisha, amebeba kopo lake la ugoro. Kwetu kila aliyejikata hutiwa ugoro. Wamefanya hivyo tangu tumbaku iingie kwetu, na ukweli ni kwamba mara nyingi damu inakata, na anayepona anakuwa ushahidi, na asiyepona anahesabiwa ana lake jingine. Nikawaambia subirini kidogo. Nikawaambia Sista anakataza. Shangazi hakufoka. Aliinama mpaka uso wake ukawa karibu na wangu, akasema, "Tumbaku imekusomesha wewe, Gaudensia. Leo unaiona uchafu?"

Nilikuwa kwenye Salamu Maria ya tisa ya fungu la pili. Nakumbuka hivyo kwa sababu nimerudi mahali hapo mara nyingi sana. Niliinua mkono. Nilijisemea nachungulia tu, kama imekata nitawaonyesha. Haikuwa imekata, ilikuwa karibu kukata, najua leo, na kwa kuinua kwangu ikaruka upya, na Fadhili alipoiona akazimia. Shangazi akanisukuma pembeni. Akachukua jani la tumbaku lililo laini bado, akalisokota likawa kama kizibo, akalizamisha kwenye kidonda kwa kidole gumba, akamwagia ugoro juu mpaka pakajaa. Kisha wakaniambia mimi mwenye masomo nifunge. Nikafunga. Wao wakazungushia kamba ya tumbaku juu yake ili ikaze. Mchana nikapanda gari nikarudi mjini, na Sista aliponiuliza habari za nyumbani nikamwambia nzuri.

Jumatano Fadhili akaletwa zahanati. Mguu ulikuwa umevimba unang'aa, na harufu yake ilitangulia kuingia chumbani kabla yake. Alinitazama, akaniamkia kama mtu asiyenijua, nami nikaitikia vivyo hivyo. Sista akasema Bismillahi, akakata kamba ya tumbaku kwa mkasi. Alipofika kwenye kitambaa hakukikata. Alikaa akikitazama, halafu akafungua fundo kwa kucha zake, taratibu, akaiweka kanga ile pembeni. Nilidhani ni ubahili wa kanga. Akakiosha kidonda, birika ya kidonda ikajazwa mara mbili. Ugoro ulitoka, tope jeusi, na usaha, na vipande vipande vya jani, na mimi niliyeshika beseni nikavihesabu vile vipande nikijiambia kwamba jani lote limetoka. Akamchoma sindano ya pepopunda na za kuzuia kuoza. Mwisho akachukua kalamu ya wino, akachora mstari juu ya ngozi pale wekundu ulipoishia. Tabibu wa zahanati akaja, akautazama mstari, akasema wekundu ukifika kwenye kifundo cha mguu hatutakuwa na la kufanya hapa. Gari litampeleka Peramiho kwenye chumba cha upasuaji, na ajiandae kwa lolote. Fadhili aliuliza kama lolote maana yake ni kukata. Sista akafunika kalamu. Akasema, si kwa kulalamika, kama anatupa taarifa tu, kwamba mguu ukienda na bani linakwenda.

Alhamisi wekundu ulikuwa umevuka mstari kwa upana wa ukucha. Sista akachora mwingine. Siku ile nilikuwa stoo nakunja bendeji, nikamsikia kupitia ule ukuta wa mbao akimuuliza nani alimtia ugoro. Fadhili akajibu kwamba alijitia mwenyewe. Sista akasema kwamba hata kama ugoro alijitia, fundo lile asingeliweza mwenyewe. Nilikuwa nimeshika bendeji mdomoni na mkononi. Nilipaswa kutoka wakati ule ule. Sikutoka. Nilikuwa na sababu zangu: nilimwonea aibu shangazi, nilijionea aibu mimi, na Sista alikuwa ameahidi kuniandikia chuoni barua ya kunisifu. Nikiwa mkweli, na katika umri huu sina faida ya kuwa vinginevyo, ni ile barua iliyonifunga mdomo kuliko vyote. Jioni tulikula ugali na dagaa wa Nyasa, Sista akanitengea fungu langu kama kawaida yetu, akaniuliza kama nina la kusema. Nikamwambia dagaa wamekolea chumvi.

Ijumaa mstari ukavukwa kwa upana wa kidole. Vidole viwili vya mwisho vya mguu wake vilikuwa vimeanza kuwa na rangi ya zambarau. Tulipokuwa peke yetu, Sista ametoka kwenda kuswali, nilimuuliza Fadhili kwa nini amesema uongo. Akasema nilikuwa nalia wakati namkandamiza, yeye aliona, na mtu anayemlilia hawezi kumchongea. Sikujua kama nililia. Aliuliza kama anapona. Alikuwa hajui habari za lile jani, alizimia kabla. Katika dunia nzima waliojua walikuwa wanawake wa kijijini, ambao hawakuliona ni tatizo, na mimi.

Jumamosi asubuhi nilikuwa na birika mkononi Sista alipofunua bendeji. Wekundu ulikuwa umebakiza upana wa vidole viwili kufika kwenye kifundo cha mguu. Fadhili hakutazama mguu. Alitazama uso wa Sista, akasoma, akageukia dirishani. Ndipo nikasema.

"Kuna jani ndani."

Sista akauliza jani gani.

"La tumbaku. Limesokotwa, limezamishwa chini. Mimi nilikuwepo. Niliinua mkono kwenye fungu la pili."

Niliongea nikitazama birika. Nilingoja anipige, au anifukuze, au alie. Alifuta mikono yake kwa taulo, kidole kimoja kimoja.

"Siku nne, Gaude," akasema. Kisha akasema, "Chemsha maji."

Nilichemsha maji. Tabibu akaitwa, akamganzisha Fadhili, akapanua kidonda, na Sista akaingia kwa koleo kati ya mifupa ile miwili, pole pole, amefumba macho nusu kama anayesikiliza. Lililobaki lilitoka kwa mkupuo mmoja. Lilikuwa dogo kuliko nilivyokumbuka, halikuzidi sehemu ya juu ya kidole changu, limeoza, na nyuma yake likafuata beseni la usaha. Chumba kilinuka tumbaku na kifo. Nikashika beseni nikasema Bismillahi kwa sauti, na Fadhili, aliyekuwa ameng'ata kona ya taulo, akaitoa mdomoni akaitikia Amina.

Jumapili wekundu haukuwa umesogea. Jumatatu ulikuwa umerudi nyuma ya mstari wa Jumamosi. Gari la Peramiho halikuitwa. Lakini vile vidole viwili vya mwisho havikungoja. Vilikauka vikawa vyeusi, na mwisho wa wiki tabibu akaviondoa. Jioni ile nilikaa uani, pale pale nilipokaa juzi na mafiga yangu, nikawaza kwamba vile vidole ni mimi nimevikata, kwa siku nne za kunyamaza. Sista Batuli akaja na kigoda chake, akakaa. Akaniambia alilijua fundo siku ile ile ya kwanza. Hapa Songea nzima hakuna mwingine anayelifunga hivyo isipokuwa aliyefundishwa na yeye. Alijua nilikuwepo. Hakujua habari za jani, alidhani ni ugoro tu, na alikuwa ananingojea niseme mwenyewe, kwa kuwa alitaka kuniona nikisema. "Ningekuuliza Jumatano, vidole vingekuwepo," akasema. "Nilikuwa nakufundisha wewe kwenye mguu wa mtu." Wakati huo sauti yake ilikuwa si ya kazini. "Basi tugawane. Kimoja changu, kimoja chako."

Barua aliiandika. Hakunisifu sana, aliandika kwamba nimekosea mbele yake na nimesema mwenyewe, na kwamba naosha mikono vizuri. Lakini kabla ya chuo aliniachia mguu wa Fadhili peke yangu, kila asubuhi, mpaka ufunge. Ilichukua miezi mitatu. Sijawahi kufurahi vile, wala kabla wala baada. Fadhili alikuwa amepata pa kulala kwa ndugu yake Mjimwema, akawa anakuja na fimbo, ananuka moshi hata alipokuwa hajaona bani wiki nyingi. Nilimweleza habari zote, za jani na za kugawana, na yeye akasema anatushangaa sisi wanawake wawili tunaogawana vidole vyake kama maandazi bila kumuuliza mwenyewe. Nilikuwa naloweka bendeji iachie, naye anasimulia, na nilikuwa nailoweka zaidi ya inavyohitaji. Kila siku nyama mpya ilikuwa imepanda kidogo, yenye rangi ya ndani ya pera, na tulikuwa tunainamia sote wawili kuitazama, vichwa vikikaribiana. Nilimpenda. Sikumwambia kwa maneno. Siku kidonda kilipofunga kabisa aliniuliza nikienda chuo kama nitarudi, nikamwambia nitarudi, na niliposema hivyo nilikuwa naamini. Chuo kikawa miaka mitatu, kazi ikanipeleka mbali, yeye akaoa mwaka wa pili mtu mwema wa kwao, na mimi baadaye nikaolewa na mtu mwema wa kwingine. Hakuna aliyekosa. Sista Batuli nilimtembelea mara mbili tu katika miaka yote hiyo. Kutoka Mbinga hadi Songea si mbali hata kidogo, na hilo ndilo linalonitafuna.

Juzi pale uani maji yalikuwa yameanza kutoa mvuke mtu alipotua mzigo wa kuni nyuma yangu. Nikageuka. Alikuwa mzee mrefu mwenye kofia nyeupe, na nisingemjua kwa uso. Nilitazama chini. Alikuwa amevaa ndala, na mguu wa kulia ulikuwa na vidole vitatu na kovu refu, safi, lililonyooka, kazi nzuri nikisema mwenyewe. Akaniuliza kama bado nachungulia. Nikamwambia nimeacha. Akasema mke wake alifariki miaka miwili iliyopita. Nikampa pole, nikamwambia na mimi nimebaki peke yangu. Alichutama, akasogeza kuni mbili motoni kwa utaratibu wa mtu wa bani, moshi ukampiga usoni, na kwa dakika moja macho yake yakawa mekundu kama siku ile. Kabla ya kurudi kwa wanaume wenzake mbele ya nyumba aliutazama mguu wake, akatazama upande wa zile kanga.

"Chake kimoja naye amekwenda nacho?" akauliza.

"Hapana," nikasema. "Kimebaki kwangu. Vyote viwili sasa ni vyangu."

Akaitikia kwa kichwa, akaondoka akichechemea kidogo.

Nilipima maji kwa upande wa ndani wa kiwiko kama alivyonifundisha, nikapunguza ya moto, nikaongeza ya baridi, nikapima tena. Nikanawa mikono kwa sabuni, kati ya vidole na chini ya kucha, mara tatu. Kisha nikaipeleka ndoo mpaka kwenye kanga, mkono wa Mwanahamisi ukatoka kuipokea, na sauti yake ikaniomba nigeuke. Nikasema Bismillahi, nikageuka, nikakaa chini. Nilisikia maji yakimwagika nyuma yangu, kidogo kidogo, na wanawake wakinong'ona. Upepo ulikuwa unaipepea kanga. Nilisikia ikigonga kamba, nikajua kuna uwazi, nikajua nikigeuza shingo kidogo tu ningeiona mikono yake mara moja ya mwisho. Nilitamani sana. Nikaweka viganja vyote viwili juu ya goti langu, nikakandamiza, nikaanza Salamu Maria ya kwanza. Fungu la kwanza likaisha. La pili likafika tisa, nikapita. La tatu likaisha, maji bado yanamwagika, nikaanza upya, na mikono yangu haikuinuka mpaka Mwanahamisi alipotoka na ndoo tupu akaniambia tayari.